Maswali yenu kuhusu wanaotafiti wahamaji

Wiki tatu zilizopita niligusia hapa kwamba kwa miaka kumi na moja dodoso ndilo lililonilisha. Nilikuwa msaidizi wa utafiti, nikizunguka na watafiti wa uhamiaji kutoka Horohoro hadi Handeni. Mimi nauliza kwa Kiswahili, wao wanaandika kwa lugha yao. Niliitaja kazi hiyo kwa kupita tu, lakini maswali mliyoleta yamejaza bahasha mbili. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na ya kuniuliza kama nina mtafiti wa kumuoza binti yenu nimeyaweka kando.

Shikamoo mama. Kweli mtu anaweza kusoma mpaka akawa profesa wa watu kuhama? Anasoma nini hasa? (Kijana wa Makorora)

Marahaba mwanangu. Anaweza, na kazi yenyewe si ya jana. Mwaka 1885 bwana mmoja aitwaye Ernst Georg Ravenstein alichapisha London makala juu ya kanuni za uhamaji. Mwenyewe alikuwa mhamiaji, Mjerumani wa Frankfurt aliyeingia Uingereza akiwa kijana na kuajiriwa kuchora ramani katika Wizara ya Vita. Kwa utafiti ule hakumhoji mtu hata mmoja. Alikaa na vitabu vya sensa ya Uingereza, ya 1871 na ya 1881, akalinganisha mahali mtu alipozaliwa na mahali anapoishi.

Akaona kwamba walio wengi hawaendi mbali. Wanakwenda kwa hatua, kutoka kijijini hadi mji mdogo, na kutoka mji mdogo hadi mkubwa. Kila kwenye mkondo wa waendao kuna mkondo wa warudio. Na wanawake, ambao kila mtu alidhani wamekaa jikoni, walihama kuliko wanaume, ila kwa safari fupi. Mengi ya hayo hayajaanguka mpaka leo. Bwana huyohuyo, katika miaka ya 1880, aliwachorea Royal Geographical Society, chama cha wanajiografia cha London, ramani kubwa ya Afrika ya Mashariki kwa kuunganisha habari za wasafiri na wamisionari. Nchi yetu nayo, basi, aliisoma kutoka mezani.

Siku hizi kazi wanagawana wachumi, wanasosholojia, wanajiografia, wanasheria na wanaanthropolojia. Nimewabebea mikoba karibu wote. Mchumi atakuuliza unapata shilingi ngapi kwa mwezi. Mwanaanthropolojia atakuuliza nani alikufungia chakula cha njiani.

Mimi ni Mdigo, nyumba yangu iko Horohoro. Shangazi zangu wako Lunga Lunga, Kenya, na huko nimeoa mke wa pili. Navuka kila wiki. Je, mimi ni mhamiaji? (Mfanyabiashara wa nazi)

Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, hapana. Mapendekezo yao ya 1998 yanamhesabu mhamiaji wa muda mrefu kuwa ni mtu aliyebadili nchi anayoishi kwa kawaida, kwa miezi 12 au zaidi. Kwa kipimo cha aina hiyo, katikati ya 2024 walikisiwa wahamiaji milioni 304 duniani, yaani watu wasiofika wanne katika kila mia. Wewe na nazi zako hamumo. Kuhusu nyumba unayoishi kwa kawaida ni ipi kati ya hizo mbili, kaulize wake zako, mimi usinitie.

Ila hesabu hiyo ina mlango wa nyuma ambao wengi hawaujui. Nchi nyingi hazina daftari la nani ameingia na nani ametoka, kwa hiyo wahesabuji huchukua sensa na kutazama mtu amezaliwa nchi gani. Sasa fikiria desturi yetu, mke kwenda kujifungulia kwao mtoto wa kwanza. Mtoto akizaliwa Lunga Lunga kwa bibi yake, akaletwa Horohoro akiwa na siku arobaini na asitoke tena, kwenye sensa anasomeka mzaliwa wa Kenya. Wewe uliyevuka mara elfu mbili unasomeka hujawahi kuhama.

Bibi yangu wa Handeni anasema kuna Wazigua waliotoka Somalia, na Kizigua wanakisema. Nilidhani anatutungia hadithi. (Mwanafunzi, Chumbageni)

Kamwombe radhi. Kama kuna jambo moja la Mkoa wa Tanga ambalo wasomi wa uhamiaji ng'ambo wanalijua kuliko sisi wenyewe, ni hilo.

Katika miaka ya 1830 njaa kubwa ilipiga Uzigua. Watu waliweka watoto rehani, wengine wakajitoa wenyewe wapate kula, wakapakiwa majahazini na kushushwa pwani ya Benadir, Barawa na kwingineko, wakalimishwa mashamba. Baadhi wakatoroka. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke, Wanakhucha, aliyewaongoza wakitaka kurudi kwao kwa miguu. Walipofika Mto Juba wakaingia msituni, wakalima, wakabaki. Lugha hawakuitupa. Zaidi ya miaka mia na hamsini, katikati ya Wasomali, Kizigua kikawa kinasemwa kando ya Juba.

Vita vya 1991 viliwakuta huko na watu wengine wa bonde hilo, wazao wa watumwa wa makabila mbalimbali ya kusini, wote wakiwa wakulima wasio na bunduki. Wengi walikimbilia kambi za Kenya. Wengine walishuka kwa vyombo mpaka kwetu, wakawekwa Mkuyu, kisha Chogo, hukohuko Handeni, na baadaye wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Wale wa Kenya walikuwa wameomba warudishwe nchi za babu zao. Tanzania iliombwa, lakini 1994 wakimbizi wa Rwanda walikuwa wamefurika. Msumbiji ikaombwa, mwishowe nayo ikajitoa. Ikawa Marekani ndiyo iliyowapokea, watu wapatao 12,000.

Hapa anaingia mtafiti ninayemheshimu. Catherine Besteman, mwanaanthropolojia Mmarekani, aliishi katika kijiji kimoja cha bonde la Juba mwaka 1987 na 1988, akaandika kitabu. Vita vikapasua kijiji, hakujua nani yu hai. Mwaka 2006 akakutana na watu wa kijiji kilekile Lewiston, mji wa jimbo la Maine, si mbali na chuo anakofundisha. Alikuwa na picha zao za zamani. Wao walikuwa wamepoteza kila kitu, zikiwemo picha. Naye Francesca Declich, Mtaliano, aliwafuata Wazigua wa Juba katika masimulizi yao na katika njia zao za kurudi huku kwetu. Watafiti hawa wawili hawakuja na dodoso wakaondoka na basi la saa nane.

Mimi nilifika Chogo na mtafiti wa basi la saa nane. Swali la 14 lilisema: "Ulihamia Tanzania mwaka gani?" Bibi tuliyemkuta alikuwa anapeta mahindi na hakuacha kupeta. Alijibu kwa Kizigua, maneno mengi, huku makapi yakiruka kwenye karatasi zetu, na jirani yake akatufasiria kwamba anasema yeye hajahamia, amerudi. Waliohama ni wale walioondoka wakati wa njaa. Mtafiti akanitazama. Kisanduku cha "amerudi" hakikuwapo. Akaandika 99, ambayo katika dodoso lile ilikuwa namba ya "hakujibu".

Mjukuu wangu alikuwa na bodaboda mbili, riziki anapata. Ameuza moja amlipe dalali wa kumpeleka Afrika Kusini. Mwenzake asiye na kitu ametulia kijiweni. Mbona mambo yamekaa kinyume? (Mzee wa Mabokweni)

Shikamoo mzee wangu. Hayajakaa kinyume. Ndivyo watafiti wengi wanavyoyakuta, na ndilo jambo wanalochoka kuwaeleza wanasiasa wa Ulaya. Hein de Haas, Mholanzi, ameandika kwa miaka mingi kwamba fukara wa mwisho haendi mbali. Safari ya nchi za nje inataka nauli, pasipoti, simu na mtu wa kukupokea. Nchi maskini inapoanza kupata ahueni, wanaoondoka huongezeka kwanza, ndipo wapungue baadaye sana. Mchumi Michael Clemens alipolinganisha nchi tajiri na maskini, aliona kupungua huko kunaanza pato la mtu likishafika kama dola 10,000 kwa mwaka, kwa kipimo kinachozingatia bei za kila nchi. Kwa hiyo anayesema "tuwape msaada wasije" huenda anawalipia nauli.

Sitakuficha kwamba jambo hili lina ubishi. Wachumi wengine wanasema ukiacha kulinganisha nchi na nchi, ukaifuata nchi moja mwaka hadi mwaka, ukuaji wa uchumi haupandishi idadi ya waondokao. Bado wanavutana.

Tena usisahau kwamba huenda hakuamua peke yake. Oded Stark na wenzake walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba mara nyingi anayesafirisha mtu ni familia: mmoja shambani, mmoja dukani, mmoja ng'ambo, mvua ikikosa huku hela itoke kule. Waulize wazazi wake hiyo bodaboda iliuzwa kwa shauri la nani.

Na yule wa kijiweni? Jørgen Carling, mtafiti wa Norway, alikwenda visiwa vya Cape Verde, kisha mwaka 2002 akaandika jambo ambalo kila aliyekaa kijiweni angemwambia: kuna kutaka kuondoka, na kuna kuweza. Wapo wengi wanaotaka na hawawezi. Vitabu vya uhamiaji vilikuwa vimejaa walioondoka, hao hawakuwa na ukurasa. Kijana unayemwona ametulia, mzee wangu, labda amekwama.

Mwanangu yuko Marekani. Akinitumia dola 200 inafika pungufu. Nani anakula? (Mama wa Ngamiani, Barabara ya 12)

Kampuni ya kutuma, anayebadilisha fedha, na wakala wa huku. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, wastani wa gharama ya kutuma dola 200 duniani ni zaidi ya asilimia 6, na Afrika kusini ya Sahara ndiyo ghali kuliko kote. Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo la chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Mwambie mwanao atume mara moja kwa miezi miwili badala ya vijisenti kila wiki, na alinganishe si ada tu bali na bei ya dola wanayompa. Hapo kwenye bei ya dola ndipo penye mchezo.

Binti yangu ana miaka 22. Amepata nafasi ya kazi za ndani Muscat. Ajenti anamsifia mshahara. Nimruhusu? (Mama mzazi, Pangani)

Swali lako nimelisoma mara tatu.

Wataalamu wa jambo hili huanza na neno moja, kafala. Mwajiri ndiye mdhamini. Kibali cha binti kuwapo nchini kimefungwa kwenye jina la mwenye nyumba, na akitoka bila ruhusa anahesabiwa mtoro hata kama alikuwa anapigwa. Rhacel Salazar Parreñas, mwanasosholojia aliyezaliwa Ufilipino, alichapisha 2021 utafiti juu ya wafanyakazi wa ndani katika Falme za Kiarabu. Alichokiona si kwamba kila nyumba ni jehanamu. Zipo nyumba ambako msichana analipwa vizuri na kulala vizuri, na zipo ambako anafungiwa. Sheria moja, mtaa mmoja. Kinachotofautisha ni roho ya mwenye nyumba, kwa kuwa sheria imemwachia yeye.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti ya mahojiano na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti kuchukuliwa, mishahara kuzuiwa, kazi ya tangu alfajiri hadi usiku wa manane bila siku ya kupumzika, na wengine mabaya zaidi ya hayo. Mimi niliyekuwa muulizaji nakwambia, hamsini hao hawawezi kutuonyesha ni wangapi katika kila mia wanapatwa na shida, kwa sababu anayetafuta wenye shida atawapata wenye shida. Lakini wanatuonyesha kwamba ikitokea, hakuna wa kuizuia.

Wewe huulizi takwimu, unauliza binti. Ana miaka 22, ukimkatalia ataondoka kwa mlango wa uani, na huo ndio mbaya. Basi mkataba uwe wa maandishi, uwe na jina la mwajiri, mshahara na siku ya mapumziko, na upitie kwenye ofisi ya serikali ya huduma za ajira na ubalozini. Ajenti akisema hayo ni usumbufu, huyo si ajenti. Pasipoti na mkataba vipigwe picha, nakala ibaki kwako. Namba ya ubalozi aijue kwa kichwa, maana simu inaweza kuchukuliwa. Halafu wekeaneni neno. Mama mmoja wa Mwarongo na bintiye walikubaliana kwamba akisema kwenye simu "nisalimie shangazi Mwanaidi", na shangazi wa jina hilo hawana, mama ajue mwenye nyumba amesimama pembeni na mambo si mazuri. Lilitumika mara moja, likatosha.

Na kama ana mtoto, mpange kabla ya tiketi nani anamlea. Kabla ya kwenda Ghuba, Parreñas alikaa na akina mama wa Kifilipino Roma na Los Angeles waliolea watoto wa wengine huku watoto wao wenyewe wakilelewa na bibi zao. Sehemu hiyo ya kitabu niliisoma taratibu.

Kila mara tunasikia Wahabeshi wamekamatwa porini au ndani ya lori. Wanakimbia njaa? Na kwa nini wapite kwetu? (Dereva, Korogwe)

Wanapita kwetu kwa sababu tuko njiani. Wanakokwenda ni Afrika Kusini, kupitia Kenya, sisi, kisha Malawi au Msumbiji. Watafiti wanaiita njia ya kusini. Kuhusu njaa, wengi sivyo. Wengi wanatoka eneo la Hadiya, kusini mwa Ethiopia, na safari inagharimu hela nyingi, inayochangwa na ndugu au kutumwa na jamaa mwenye duka Afrika Kusini. Dereje Feyissa, msomi wa Kiethiopia, ameeleza jambo ambalo hakuna mchumi angelipata kwa dodoso: mwanzoni mwa miaka ya 2000 mhubiri mgeni alitabiri kwamba Mungu atawafungulia njia ya kusini, na watu wakaamini. Kisanduku cha "utabiri" sijawahi kukiona popote.

Tena tuache kuwaita "haramu". Haramu ni nguruwe na pombe. Mtu ni mtu asiye na kibali.

Wageni wanachukua kazi zetu. Wataalamu wanasemaje, ndiyo au hapana? (Fundi, Muheza)

Wanasema vyote viwili, na kwa mji mmoja uleule. Mwaka 1980 Wakuba wapatao 125,000 waliondoka kwao kwa bandari ya Mariel na wengi wakajazana Miami, Marekani, nguvukazi ya mji ikapanda kwa asilimia 7 ndani ya miezi. Mchumi David Card alipochunguza, mwaka 1990 akatangaza kwamba mishahara ya watu wa kima cha chini haikutikisika. Mwaka 2021 akapewa Nobeli, kwa kazi hiyo na nyingine. Mchumi mwenzake George Borjas, mwenyewe mzaliwa wa Kuba, akazirudia takwimu na kusema wasiomaliza sekondari mishahara yao ilianguka kwa asilimia 10 hadi 30. Wengine wakamjibu kwamba kundi alilolichagua ni dogo mno, na kwamba katikati ya miaka ile wahesabuji walianza kuwafikia zaidi wanaume weusi wa kipato cha chini, hivyo wastani ukashuka bila mshahara wa mtu kushuka. Umeona? Miaka thelathini ya ugomvi, na kiini chake ni nani aliulizwa.

Kwa upande wetu, fundi wangu, Muheza yako imejengwa na mkonge, na mkonge wenyewe ni mgeni. Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, miche 1,000, ikapona 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Waliokuja kuukata walitoka Songea, Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji, wakapewa namba badala ya majina, ndiyo maana wakaitwa manamba. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichimba habari zao, na kazi yake pamoja na Tambila na Sago ikatoka 1983, mwenyewe ameshauawa. Ukiuliza kwenu vizuri huenda ukakuta babu yako alikuwa na namba.

Wametuhoji mara nne mtaani kwetu. Wanaandika, wanatoa kipande cha sabuni, wanaondoka. Sisi tunapata nini? (Mama lishe, Sahare)

Mara nyingi, hiyo sabuni. Hasira yako ninaistahili, kwa kuwa sabuni nyingine niliigawa mimi.

Lakini unazo haki na uzitumie. Mtafiti halali ana kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na barua zilizopita mkoani, wilayani, hadi kwa mtendaji wa kata. Omba uzione, huvunji adabu. Kabla ya swali la kwanza lazima akueleze utafiti ni wa nini na akuombe ridhaa, na una haki ya kukataa, kuruka swali, au kusimama katikati ukaenda kugeuza maandazi. Jina lako lisiandikwe bila wewe kukubali. Mwambie pia kwamba matokeo mnayataka, kwa Kiswahili, yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Watafiti wawili niliofanya nao kazi walirudi kusoma matokeo mbele ya watu, chini ya mkungu. Mmoja alisahihishwa na wavuvi mambo matatu, akayaandika yote.

Tena kaa upande ambao unaiona karatasi. Ukimaliza kumweleza kwa kirefu, ukaona ameandika 99, mwombe akuulize upya.